Ngozi ya Mkaguzi

Mbweha aliletwa ndani ya gunia la mbolea, na hilo peke yake lilitosha kumpandisha Shangazi hasira.

"Nani kamfunga humu?" aliuliza kabla hata ya kuitikia salamu. "Mnyama bado ana joto, mnamfungia kwenye nailoni kama mkate! Mnataka manyoya ya tumbo yabaki kwenye kiganja changu?"

Wawindaji waliangaliana. Walikuwa wamesimama uani, nyuma ya nyumba ya Mwenyekiti wa mtaa, tope hadi magotini, bunduki zimefunguliwa ili kila mtu aone hazina kitu ndani. Wote walijua aliyefunga gunia ni Bosi Mdogo, mtoto wa Mwenyekiti, na Mwenyekiti ni mdogo wake Shangazi, baba mmoja mama mmoja. Ugomvi wa mtu na shangazi yake hauingiliwi.

"Ni mimi, Shangazi," alisema Bosi Mdogo. Alikuwa mwanamume mzima, ana ndevu na watoto wawili, lakini mbele ya mwanamke huyo sauti yake ilirudi utotoni. "Nilimpakia kwenye pikipiki. Nikaogopa kuchafua kiti."

"Kiti kinafutwa kwa kitambaa. Ngozi ikinyonyoka utaibandika kwa gundi?"

"Ikinyonyoka mlete kwangu," alidakia Kinyozi, mkongwe wa wawindaji, "nimmalizie na masharubu."

Walicheka wote isipokuwa watu wawili. Mmoja alikuwa Mwenyekiti, aliyesimama mlangoni pa chumba cha kuchunia akichezea funguo. Wa pili alikuwa Chongo.

Chongo alikuwa fundi baiskeli. Spoki ilimtoboa jicho la kushoto angali kijana, na jina likampata kabla kidonda hakijapona. Kwenye uwindaji walimtania sana, naye alikuwa na jibu moja tu: "Nyinyi mkilenga mnahangaika kufumba jicho. Mimi Mungu kanifumbia mapema." Lakini siku hiyo hakuwa na hamu ya utani. Kibali cha kundi lao kilikuwa na nafasi chache za bunduki, na Mwenyekiti alikuwa ameshatangaza mbele ya watu kwamba mtu wa jicho moja ni hatari kwa wenzake, kwamba Chongo asipoangusha kitu siku hiyo, nafasi yake itachukuliwa na Bosi Mdogo. Nafasi ikienda, bunduki inarudishwa serikalini, na Chongo anabaki na pampu ya baiskeli.

Na mnyama aliyeanguka siku hiyo hakuwa mnyama wa hivihivi. Watu walimwita Mkaguzi, kwa sababu hakuna banda ambalo hakulikagua. Kondoo, mbuzi wachanga, kuku wa mtu na kuku wa jirani, wote aliwapitia. Mgongo wake ulikuwa mweusi wenye chembe za fedha, na baridi ya msimu huo ilikuwa imemvisha manyoya mazito ambayo mkono ungezama ndani yake hadi kwenye vifundo vya vidole.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi wawindaji walijipanga, Chongo akiwa ng'ambo ya kijito, Bosi Mdogo upande wa barabara na bunduki ya baba yake. Mlio wa kwanza ulisikika kutoka ng'ambo. Kila mtu alijua huyo ni Chongo. Mkaguzi akakatiza kwenye majani marefu, hakuonekana tena. Chongo akaanza kuzunguka kutafuta pa kuvukia, maana kijito kilikuwa kimejaa. Mtu angeweza kuvuta nusu ya sigara bila haraka, ndipo ukasikika mlio wa pili, upande wa barabara. Walipofika wakamkuta Bosi Mdogo amesimama juu ya mbweha, anatabasamu.

"Chongo alimkosa," alisema Bosi Mdogo. "Alikuwa anakimbia kama upepo. Nimemsimamisha mimi."

"Nilimpata ubavuni," alisema Chongo. "Kushoto. Nilimwona akiyumba."

Sheria yao ilikuwa ya zamani na haikuandikwa popote: mnyama ni wa aliyemsimamisha. Na wakigombana wawili, mnyama huchunwa mlango ukiwa wazi, watu wote wakiangalia, kwa sababu ngozi ina upande wa ndani, na upande wa ndani haujui kutetea mtu. Baba yao Shangazi na Mwenyekiti, aliyekijenga chumba kile, aliishi kwa sheria hiyo na kufa nayo. Kisu alimfundisha binti. Mwana alimfundisha pia, lakini mwana hakupenda harufu.

Shangazi alikata kamba ya gunia, akamtoa mnyama na kumtandaza kwenye meza ya mbao. Alivaa glavu za mpira, maana mbweha ana viroboto na ana magonjwa, na fundi mwenye kiburi hazeeki. Akavuta manyoya ya tumbo kidogo kidogo, hapa na pale. Hayakutoka. Akashusha pumzi.

"Una bahati," alimwambia Bosi Mdogo.

Ndipo macho yake yalipoona shimo. Lilikuwa pembeni ya ukuta wa uani, udongo wake bado mbichi, sepetu imesimikwa kwenye kifusi.

"Hilo la nini?"

"La kuzikia mzoga," alisema Mwenyekiti.

"Tangu lini mzoga ukachimbiwa kaburi kabla haujafika? Hata binadamu hatumfanyii hivyo."

"Dada, ingia ndani tuongee."

Chumba cha kuchunia kilikuwa kidogo, sakafu ya saruji yenye mteremko wa kupitisha maji, ndoano mbili darini, rafu ya visu, mbao za kuvalishia ngozi zimeegemezwa ukutani kwa ukubwa, kuanzia ya kicheche hadi ya mbweha. Nyuma ya ukuta huo ndiko kulikuwa na kitanda cha Shangazi. Alirudi nyumbani kwa baba yake baada ya ndoa kumshinda, na baba alipofariki nyumba ikawa ya mdogo wake. Mwenyekiti aliingiza mbweha kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akausukuma mlango.

"Tufunge. Nzi."

"Baridi hii? Nzi wenyewe wamejifunika."

"Dada, sikiliza. Mchune haraka. Kwangua, osha ndani kwa sabuni, niletee ikiwa imeshavaa ubao. Mzoga uende shimoni. Basi."

Shangazi alimtazama usoni. Mdogo wake huyu hakuwahi maishani mwake kujali upande wa ndani wa ngozi yoyote.

Hakuhitaji kuelezwa. Mnyama akipigwa akiwa hai, damu hukimbilia kwenye jeraha, na ukivua ngozi unakuta doa jeusi limeganda kama ini. Akipigwa akiwa ameshakufa, marisau, zile punje za risasi, huingia kama kijiti kwenye unga. Tundu, basi. Kila mwindaji aliyekuwa nje alilijua hilo. Mwenyekiti alilijua pia, na ndiyo sababu sepetu ilitangulia kufanya kazi.

"Unataka niioshe damu," alisema Shangazi.

"Nataka tumalize jambo bila kelele. Yule Chongo siku moja atatupiga sisi wenyewe."

"Basi mwondoe kwa ajili ya jicho lake. Mwite, mwambie usoni, watu waamue. Usimwondoe kwa uongo."

"Ni mtoto wetu huyu, dada! Damu ni nzito kuliko maji."

"Nzito kweli. Ndiyo maana haitatoka kwa sabuni yako."

Mwenyekiti alishusha sauti. Alikuwa mtu wa kushusha sauti anapotaka kuumiza. "Unakula wapi? Unalala wapi? Hiki chumba ni changu, dada. Usinifanye niseme."

"Umeshasema." Shangazi alichukua visu vyake rafuni, kile kifupi cha kufungulia, kile kipana, na kile butu cha kukwangulia, akavifunga kwenye kitambaa. "Chumba ni chako. Visu ni vyangu. Na mikono sikupewa na wewe."

Akamnyanyua Mkaguzi mabegani kama mtu anayebeba ndama, akausukuma mlango kwa goti, akatoka. Wawindaji walimpisha. Akapita uani, akapita ubavuni mwa nyumba, hakusimama mpaka alipofika kwenye lango la mbele, lile la barabarani, ambalo juu lilikuwa na boriti iliyopigiliwa toka nguzo hii hadi ile.

"Kamba," alisema bila kumtazama mtu.

Kinyozi ndiye aliyeleta kamba.

"Shangazi, barabarani?" alinong'ona.

"Si alisema ndani kuna nzi?"

Alimning'iniza mbweha kichwa chini, miguu ya nyuma imepanuliwa. Watu waliokuwa wanapita na shughuli zao wakaanza kupunguza mwendo. Muuza maji akaegesha mkokoteni wake. Mwanamke mmoja aliyepoteza mbuzi watatu msimu huo alikuja karibu, akamtazama Mkaguzi usoni kwa muda, akasema, "Shikamoo bwana mkubwa," na watu wakacheka.

Mwenyekiti alifika akihema. "Dada, unatuaibisha! Mteremshe!"

"Njoo umteremshe mwenyewe."

Hakuja. Kumnyang'anya dada mkubwa kitu mbele ya mtaa mzima ni jambo ambalo mwanamume hulibeba hadi kaburini, naye alilijua. Kingine, dada alikuwa na kisu.

Wifi yake, mke wa Mwenyekiti, alitoka ndani na ndoo. Shangazi alidhani ametumwa kuja kumzuia. Wifi akaweka ndoo chini, akasema, "Maji ya baridi. Ya moto yanagandisha damu kwenye manyoya, si ndivyo unavyosema kila siku?" Akaenda kusimama kivulini bila kumtazama mumewe.

Shangazi alianza na kitana. Alichana michongoma na tope kavu kutoka shingoni hadi mkiani, akapangusa damu iliyokuwa juu ya manyoya, akayakausha kwa kitambaa. Kazi hiyo haina haraka. Fundi anayechuna mnyama mchafu huusukuma mchanga kwa kisu chake mwenyewe, kisu kinakufa, ngozi inatoboka. Watu walisubiri. Chongo alijisogeza, shingo mbele.

"Wewe rudi nyuma," Shangazi alimwambia. "Mikono yako ina grisi."

"Nataka tu kuona, Shangazi."

"Utaona na wenzako. Leo hakuna kiti cha mbele."

Alikata kutoka kisigino cha mguu mmoja, akafuata ndani ya paja palipo na mpaka wa manyoya ya rangi mbili, akazunguka kwenye tundu la haja, akapanda hadi kisigino cha pili. Tumbo hakuligusa kwa kisu. Akafungua miguu kwa vidole. Mkiani akaubana mfupa kati ya vijiti viwili, akavuta kwa nguvu mara moja, mfupa ukachomoka na kuuacha mkia mzima kama ala ya kisu. Muuza maji akapiga mluzi. Kuanzia hapo ngozi ilianza kushuka, polepole, ndani nje, kama mtu anavyomvua mtoto sweta.

Nyonga zikatokea, kiuno kikatokea, vyote vyeupe vyenye utando unaong'aa. Shangazi alisukuma kwa ngumi, akitumia kisu pale tu palipogoma. Kama Chongo alimkosa kweli, basi yeye amemwaga heshima ya ndugu yake barabarani bure, na kitanda chake pia.

Ngozi ilifika mbavuni.

Upande wa kulia kulikuwa na matundu, mengi, yamekaribiana. Ngozi pale ilikuwa nyeupe pee. Matundu safi, kama yametobolewa kwa sindano ya kushonea viatu. Upande wa kushoto kulikuwa na matundu machache tu, yametawanyika, na kuyazunguka lilikuwepo doa jeusi pana kuliko kiganja, limeganda kwenye ngozi na kwenye nyama.

Shangazi alirudi nyuma hatua moja, akapangusa kisu.

"Haya," alisema Kinyozi taratibu. "Tumeona."

"Mmeona nini?" Mwenyekiti alijipenyeza mbele. "Hiyo ni damu ya kuvilia! Mnyama akilazwa ubavu mmoja ndani ya gunia, damu yote inashukia chini. Hata ng'ombe ni hivyo. Mmesahau? Mnachunwa akili na mwanamke kwa sababu ya damu ya kuvilia?"

Watu wakanong'ona. Mwashi, mwindaji mwingine, akakuna kichwa. Jambo lenyewe lilikuwa na ukweli ndani yake, na hiyo ndiyo hatari ya mtu mwenye akili anapotaka kudanganya. Shangazi mwenyewe alikuwa ameona mizoga iliyovilia. Angeweza kubishana kwamba ya kuvilia huwa nyembamba na imetandaa, hii ni nene. Wangebishana mpaka jua lizame, na mwenye sauti kubwa angeshinda.

Akageuka. "Bosi Mdogo."

"Naam, Shangazi."

"Njoo hapa."

Alikuja. Mikono mfukoni, kidevu juu, lakini macho yalikuwa yanatafuta pa kutua.

"Gunia ulilifunga wewe. Kwenye pikipiki ulimlaza ubavu gani?"

Swali lilikuwa dogo. Akisema kushoto, doa lile limepata baba, na mambo yamekwisha: nafasi ni yake, sifa ni zake, Mkaguzi ni wake. Hakuna mwingine aliyekuwepo wakati wa kufunga. Mwenyekiti alimkazia macho mwanawe na kutikisa kichwa kidogo kuelekea kushoto, kidogo sana, lakini barabara nzima iliona.

"Usimtazame baba yako," alisema Shangazi. "Mimi ndiye niliyeuliza. Na ukinidanganya mimi, niliyekuogesha, ujue utanidanganya kila siku ukiniona, maana mimi sihami."

Bosi Mdogo aligeuka, akampa baba yake mgongo. Alimtazama Chongo, kisha yule mnyama aliyevuliwa nusu.

"Kulia," alisema.

"Sema wasikie."

"Nilimlaza ubavu wa kulia. Na..." Alitoa mikono mfukoni. "Nilipomkuta alikuwa amelala. Nilidhani bado ana roho. Nikapiga. Baadaye nikajua, ila walishafika, wananipongeza, baba ameshapelekewa habari. Nikanyamaza."

"Mjinga wewe!" Mwenyekiti alifoka.

"Mjinga kweli," alisema Bosi Mdogo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu mzima. "Lakini shimo si langu, baba. Mimi sikuchimba shimo."

Kinyozi alivua kofia, akaivaa tena, akasema kile ambacho mkubwa wa kundi alitakiwa kukisema. "Aliyemsimamisha ni Chongo. Nafasi ni yake, ngozi ni yake. Kama kuna anayepinga, apinge akiwa amesimama hapa mbele ya hiki kitu." Hakuna aliyepinga. Chongo hakurukaruka. Alijipangusa jicho moja kwa mkono wa shati, akasema limeingia vumbi, barabara hii ina vumbi.

Mwenyekiti alirudi uani. Wakasikia kufuli likibanwa kwenye mlango wa chumba cha kuchunia, mara mbili, kwa nguvu ya kutosha kusikika mpaka langoni. Akatoka tena.

"Kuanzia leo humo hauingii. Tafuta pengine pa kuchunia. Na ukitafuta, tafuta na pa kulala."

"Pa kuchunia nimeshapata," alisema Shangazi akirudi kwenye kazi. "Boriti hii imara, ni mti aliouchagua baba. Na pa kulala ni palepale. Nyumba hii aliijenga baba yangu, ambaye ni baba yako pia, na humo ndani nitatoka nikiwa nimebebwa. Ukitaka kunibeba sasa hivi, ngoja nimalize masikio."

Akamaliza masikio, akikata gegedu chini kabisa karibu na fuvu. Akapita kwenye macho kwa ncha ya kisu, akapita midomoni, na pua ikatoka nzima. Ngozi ikabaki mikononi mwake, nzito na yenye joto kidogo. Ndipo alipokumbuka kwamba ubao umefungiwa ndani.

"Huu hapa," alisema wifi. Alikuwa ameutoa kitambo, kabla ya kufuli, na ubao wa mbweha ulikuwa umeegemea ukuta nyuma yake. "Nilijua tu."

"Na wewe umeanza," Mwenyekiti alimwambia mkewe.

"Mimi nilianza siku nyingi. Ulikuwa huangalii."

Shangazi alikwangua mafuta na nyama zilizobaki, akalipita lile doa bila kulitafuta wala kulikwepa. Kisha akaivalisha ngozi ubaoni, upande wa ndani ukiwa nje, akanyoosha miguu na mkia na kupigilia misumari midogo. Chongo alitaka kuipeleka dukani kwake.

"Uikaushe karibu na petroli na raba? Hata kidogo. Ngozi inataka kivuli na upepo. Nikishaona imekaribia kukauka nitaigeuza manyoya yaje nje, ndipo utaichukua."

Tatizo lilikuwa mahali. Uani kulikuwa na jua siku nzima na mbwa wawili. Ndani kulikuwa na moshi wa jiko. Mahali penye kivuli na upepo katika nyumba ile palikuwa pamoja tu: baraza ya mbele, pale Mwenyekiti alipowekea kiti chake na benchi la wageni, pale alipoketi kila asubuhi kusikiliza malalamiko ya watu kuhusu mabanda na mbweha.

Shangazi aliusimamisha ubao pale pale, karibu na kiti, doa likitazama barabara.

Kesho yake asubuhi watu walikuja mapema kuliko kawaida. Wengine hawakuwa na malalamiko yoyote. Waliketi kwenye benchi, wakasalimia, wakatazama ubao, wakamtazama Mwenyekiti, wakauliza habari za baridi. Mwanamke wa mbuzi watatu alikuja na jirani yake, akamwonyesha kwa kidole: hili ndilo doa, na haya mengine ndiyo matundu ya mlio wa pili. Mwenyekiti alinywa chai yake mpaka yakabaki majani matupu, hakuna mgeni aliyeondoka. Hatimaye aliinuka, akaenda kwenye dirisha la chumba cha dada yake, akagonga kioo.

"Dada. Iondoe pale."

Shangazi alikuwa anakinoa kisu kifupi. Hakuinua kichwa.

"Haijakauka," alisema, akaendelea kunoa.